Para

Eliamini aliuogopea mkono wa Chande kuliko wake mwenyewe. Swichi ya korona ilikuwa kwake, na mkono wa Chande ndio uliokuwa mdomoni mwa mashine.

Korona kazi yake ni kupara mkonge. Majani yanaingia mabichi, visu butu vinachuna nyama, upande wa pili zinatoka nyuzi. Chande, Mmwera aliyekuja na mkewe Rabia kutoka Lindi kutafuta kibarua, ndiye aliyekuwa akiyalisha. Eliamini, Mpare, alishuka kutoka Chome milimani bei ya kahawa ilipoanguka, akapewa swichi kwa kuwa hanywi pombe.

Serikali ilipouza shamba, tajiri mpya alileta fundi wa Meksiko kufufua mashine, anaitwa Anselmo. Kiswahili hajui, na Kiingereza anaokoteza kama wao. Siku ya majaribio alipanda juu ya korona kuchungulia. Majani yakaingia mshazari, yakakwama. Anselmo akapiga kelele:

"Para! Para!"

Eliamini alisikia vizuri kabisa. Ameambiwa apare. Akasukuma kipini cha mwendo hadi mwisho.

Korona ikanguruma. Shati la Chande likanaswa, likavutwa pamoja na mkono uliokuwa ndani yake, kisha likachanika mpaka kwapani. Chande akaanguka chali kwenye maji ya mkonge. Anselmo aliruka chini, akazima mwenyewe, uso hauna damu.

Chande akahesabu vidole vyake. Vilikuwepo vyote.

"Mpare we! Ulitaka kunipara mimi?"

"Kasema para, nikapara!"

"Labda alikuwa anamwita nyapara," mtu akasema nyuma, watu wakacheka kwa woga. Eliamini hakucheka. Alikuwa anajiona amesimama mlangoni kwa Rabia, hajui aanze na neno gani.

Asubuhi, kabla mashine haijawashwa, alimfuata Anselmo. Kumfuata mzungu kumuuliza kosa lako ni kujitafutia kufukuzwa, lakini alikwenda.

"Para?" akauliza.

Anselmo alimtazama sana. Kisha akatembea kama askari, akaganda ghafla, kiganja mbele. "Para." Akaigusa swichi, akaishusha. "Para!"

Kumbe mtu alikuwa analia simama, simama, naye anaongeza moto.

Tangu hapo alifanya kazi masikio yamesimama kama ya digidigi. Chuma kikilia, anashtuka. Mtu akikohoa, mkono uko kwenye swichi.

Siku ya gulio Anselmo alirudi kutoka Same na kifurushi. Korona ilikuwa inakwenda, Chande amejaza mikono majani. Anselmo akamsogelea Eliamini, akamnyooshea kile kifurushi, akasema kwa sauti kubwa kushinda mashine:

"Para Chande!"

Jina halijaisha, swichi iko chini.

Korona ikanyamaza. Kila mtu akamgeukia Chande. Chande akaitazama mikono yake, akaigeuza juu chini.

"Nimefanya nini tena?"

Anselmo alishangaa kuliko wote. Akafungua kifurushi: shati la mtumba, la mikono mifupi. Akalinyoosha kwa Chande. "Para Chande." Akajigusa kifua, akatikisa kichwa. "Para mí, no."

Chande ndiye aliyeelewa kwanza. "Ni la kwangu, jamani! Yaani 'kwa ajili ya Chande.' Neno moja, kazi mbili."

Watu wakaangua kicheko. Nyapara akaja juu. "Eliamini, utatuzimia mashine kila mzungu akitoa zawadi? Sasa utatofautishaje?"

"Sitofautishi," Eliamini akasema. Jasho lilikuwa linamtoka. "Akisema para, hata kama ananikaribisha chai, nazima. Ukitaka mwingine, mlete akae hapa."

Hakuna aliyesogea kuichukua ile swichi.

Chande alivaa shati lake jipya, akarudi mdomoni mwa korona, akachukua majani. Hakuwa anacheka tena.

"Washa, ndugu yangu."

Eliamini akaitazama kwanza mikono ya Chande, wa kulia, wa kushoto, haina nguo ya kunaswa mpaka juu ya viwiko. Ndipo akawasha.