Mkono wa Vunjajungu

...na usiachie, alisema kaka Kiichi, mkuu wa timu yao ya roboti, ukiachia tu mwanzi unapinda, na gundi ikishika umepinda basi tumekwisha, na Fumika hakuachia, amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana ya chuo, mkono wa kushoto umeukumbatia mwanzi, wa kulia umebana kikombe cha aluminiamu ambamo mwanzi umechomekwa, na anachotakiwa kufanya ni hicho tu, kubana na kutulia kama mama aliyepakata mtoto mwenye usingizi mwepesi, kwa sababu jiliwa la kubania vyuma lingeuponda mwanzi na kamba ingeteleza, vidole vya mtu ndivyo vinavyojua kubana bila kuumiza, ndivyo alivyosema Kiichi, naye Fumika akajua kabisa kwamba amepewa kazi hii ili akae hapa, ameipa mgongo ile meza, asiuone mkono wake... si huu wa nyama unaoanza kufa ganzi, ule mwingine, wa chuma chembamba, wenye viungo vitatu, alioanza kuuchora likizo ya kiangazi amelala kifudifudi chumbani, feni ikipeperusha karatasi na jasho likidondokea penseli, akaukata, akauchonga, akautoboa matundu mengi mpaka ukawa kama sega la nyuki, akidhani ameumaliza uzito wote, na bado leo asubuhi walipoipandisha mashine nzima kwenye mizani Mwalimu Onodera aliinama, akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa tena, akasema, "Imezidi," basi, neno moja tu kama mtu anayekwambia mvua inanyesha, na kesho mlangoni pa uwanja wa mashindano kuna mizani nyingine, na pembeni yake msimamizi mwenye kitambaa begani asiyetaka habari za likizo ya mtu, roboti ikizidi uzito haiingii, wakang'oa kifuniko, haikutosha, wakabadilisha betri, haikutosha, wakapunguza mpaka skrubu, wakatazamana wote watatu, na macho yote yalikwenda mahali pamoja, kwenye ule mkono, na yake yalitangulia, hilo ndilo linalomuuma, kwamba yake ndiyo yaliyotangulia...

"Vunjajungu aliyekatwa mkono anaitwaje?" Misuzu anauliza huko nyuma, nyaya zimemzunguka mapajani bila shaka, hivyo ndivyo anavyokaa, yeye ndiye bingwa wao wa nyaya, "Anaitwa panzi," Kiichi anajibu, "Panzi ana miguu, huyu ana magurudumu," "Basi jongoo," "Kaka, we biolojia ulipata ngapi?" na Fumika anatabasamu bila kutaka, anakasirika kwamba ametabasamu, kisha hasira yenyewe haikai, inateleza kama samaki, maana jina hilo alilitoa Misuzu siku ile mkono ulipokunjuka mara ya kwanza, kiungo kwa kiungo, taratibu, ukasimama hewani ukitikisika kidogo kama unasali, Misuzu akanong'ona, huyu ni vunjajungu jamani, na tangu siku hiyo roboti yao ikawa na jina, na kazi yake mwaka huu ni kuokota ndoo za plastiki, kuzivusha juu ya ukuta mfupi na kuzipanga upande wa pili ziwe mnara, timu yenye mnara mrefu usioanguka ndiyo inayosonga mbele, na mwenye rimoti ni yeye Fumika, vidole gumba viwili juu ya vijiti viwili, na hajapata kumweleza mtu yeyote jinsi inavyokuwa, unasukuma kidole kiasi cha unene wa ukucha na kule, mbali, ng'ambo ya chumba, kitu kinanyanyuka, kama vile mkono wako umerefuka ukapita mwisho wa mwili... gundi imeanza kupata joto, inanuka, Kiichi alisema ikipata joto ndiyo inashika, lakini bado ni laini, anaisikia ikihama chini ya kidole kama ute wa yai, bado, bado kabisa, na baba anakuja kesho.

Baba anakuja kesho na mzee Haga na wenzao wawili, wameomba ruhusa kazini, watakuja na gari la mzee Haga na chupa ya chai na mito ya kukalia kwa sababu mabenchi ya ukumbi ni baridi, baba ambaye majira ya baridi anaamka kabla ya kuku kuendesha mtambo wa kuzoa theluji barabarani, na majira mengine anaziba mashimo ya barabara hizohizo, na mwaka mzima maneno yake yote ungeweza kuyafunga kwenye leso, lakini kiangazi kile, mezani, alitua vijiti vyake vya kulia akauliza, "Huo mkono wenu unabeba kilo ngapi?" Fumika akasema, "Mbili, ukiwa umenyooka," baba akaitikia kwa kichwa, akachukua kipande cha figili ya chumvi, akatafuna, siku ya pili yake akauliza tena kana kwamba mkono huenda umekua usiku, na siku wazazi walipoalikwa chuoni alikuja na nguo za kazi, akasimama nyuma ya watu kofia mkononi, Fumika akaukunjua mkono mbele ya wote, ukachukua kikombe cha chai mezani, ukakizungusha polepole, ukakipeleka mpaka kwa baba, naye akakipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Ahsante," akiiambia mashine, watu wakacheka, yeye hakujua wanacheka nini, akanywa... na tangu hapo kila mtu kazini kwao anaujua mkono wa binti wa Kabasawa, mzee Haga anasimulia kwamba ulimmiminia chai, ungemuacha kidogo angesema ulimpikia na wali, na kesho hao wote watakaa kwenye mito yao, waangalie chini uwanjani, waone nini, fimbo, waone mwanzi uliokatwa nyuma ya chuo mchana huu, baba atamtazama mzee Haga, mzee Haga atakohoa... nimwambie nini, baba, mkono haupo, hapana, baba, mkono umepata hitilafu, huo ni uongo, mkono ni mzima, mkono haujawahi kuwa mzima kama leo, baba, tumeamua, nani ameamua, mizani imeamua, na tangu saa ya chakula anajizungushia wazo moja dogo kama pipi iliyofichwa shavuni, kesho nitasema nina homa, Kiichi ataendesha yeye, na vidole vyake vinene vinavyopitiliza siku zote, wataanguka mapema, na sitakuwepo kuona, nao watajua, pipi tamu kwanza, halafu ukifika katikati...

"Fumika." Ni Misuzu, na sauti si ile ya panzi na jongoo. "Mota." Anajua, alikuwa anaingoja, mwanzi peke yake haunyanyui ndoo, unataka mota yenye nguvu, na mota ya nguvu hiyo wanayo moja tu, imo begani mwa mkono ulioko mezani, na mji huu wenye maduka matatu ya pombe ya sake hauna hata moja la kuuza mota. "Tufungue?" anauliza Misuzu, halafu haraka, kabla ya jibu, "Au tusubiri, tunaweza kusubiri kidogo," na huo nao ni uongo, uongo wa huruma, maana basi linaondoka asubuhi na wote wanaliona jua lilipofika kwenye madirisha, na kufungua si kufungua, yeye mwenyewe alizitia skrubu za juu za bega gundi mwezi uliopita zisilegee, mwenyewe kwa mikono yake, ikauke ishike milele, mota haitoki humo mpaka bega likatwe, likikatwa hakuna tena kusema tutaurudisha baada ya mashindano, tutautundika ukutani, tutampelekea baba... anautazama mwanzi, kijani chake hakijakauka, una kovu dogo kama kitovu, na mahali fulani uwanjani watu wanapiga mpira wa besiboli, unasikia pigo halafu sauti za watu halafu hakuna kitu.

Hatua za Kiichi, za ndara, zinaburuzika mpaka karibu yake, anachuchumaa, ana donge la wali lililovikwa jani la mwani, "Fungua mdomo," anasema, "hujala tangu mizani," na Fumika anafungua kwa sababu mikono haiko huru, na ndani ya wali kuna tunda dogo la plamu lililotiwa chumvi, ule ukali unamkunja uso mzima, Kiichi anasubiri amalize kukunjamana, anatazama pembeni, masikio mekundu, anasema, "Niliyesema tuutoe ni mimi. Ukitaka mtu wa kumchukia nichukie mimi, Misuzu umuache, yeye ndiye utakayekaa naye kwenye basi," na Fumika anatafuna, hawezi kusema, pengine ndiyo maana amempa wali kwanza, "Kuna kitu sikukwambia," Kiichi anaendelea, "wiki ile ulipokwenda kwa daktari wa meno niliuchezea. Mkono wako. Nilisema dakika moja tu, nikauchezea mpaka betri ikaisha. Nilikuwa nampokeza Misuzu kalamu." "Ulinichoma nayo pua," anasema Misuzu huko nyuma. "Pua ilijileta." "Nina alama mpaka leo, aje aone," na Kiichi anaangalia sakafu, mkuu wao wa timu, mwaka wake wa mwisho, kesho ndiyo mashindano yake ya mwisho, anasema taratibu, "Ni kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa humu ndani. Nilitaka ujue hivyo kabla hatujafanya," anasimama, anajifuta mikono kwenye suruali, anaondoka, na Fumika amebaki na mbegu ya plamu mdomoni na hana pa kuitemea.

Wameuchezea... mbona hilo lingemuudhi jana na leo halimuudhi, anawaona, Misuzu amenyoosha mkono kupokea kalamu, Kiichi na ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama afanyavyo akizingatia, mkono unakwenda taratibu kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na yeye akiwa kwa daktari mdomo wazi hajui chochote, mkono ulikuwa na siku zake wenyewe bila yeye, kama mtoto anayekwenda shule, na hiyo inampa faraja ya ajabu, hajui ni kwa nini, labda kwamba ulikwisha kuishi, kwamba ulimpa baba chai na ukamchoma Misuzu pua, na kesho hata ungekuwepo usingefanya makubwa kuliko hayo... na baba, anamwona baba kesho, anamwona sawasawa sasa, si baba wa kumtazama mzee Haga, lini baba alimtazama mzee Haga kujua aone nini, anamwona akiinama mbele juu ya mto wake, kofia mkononi, anautazama mwanzi unaonyanyuka kwa muda mrefu bila kusema, na jioni mezani atatua vijiti, na hatauliza mkono ulikwenda wapi, atauliza, "Na huu mwanzi unabeba kilo ngapi?" na Fumika atasema... atasema... hajui. Hajui unabeba kilo ngapi. Hakuna anayejua, umekatwa mchana huu, hakuna aliyeupima, hakuna aliyehesabu chochote, na kutojua huko kunaanza kumwasha kama upele mahali asipopafikia, kilo moja labda, zaidi, mwanzi si chuma, mwanzi unakubali, unainama halafu unarudi, basi ndoo itabembea, ukiinyanyua kwa pupa itabembea ikupige mnara wako mwenyewe, kwa hiyo huinyanyui kwa pupa, unanyanyua kidogo, unasubiri ipumue, unanyanyua tena, vidole gumba vyake vinajongea peke yao juu ya aluminiamu, vinatafuta vijiti visivyokuwepo, na vikijongea anausikia, mwanzi, chini ya kiganja, ukisukumwa kulia unakaza, ukisukumwa kushoto unalegea kiasi cha unywele, tena, ndiyo, upande mmoja ni mlaini kuliko mwingine, labda upande uliokuwa unatazama jua...

"Misuzu," anasema, na mbegu ya plamu inagonga meno, anaisukuma shavuni, "fungua. Skrubu za chini zinatoka kwa bisibisi. Za juu usijisumbue, nimezitia gundi, kata kwa msumeno, karibu na kiungo, usiguse waya mwekundu." Misuzu anauliza huko nyuma, "Una hakika?" "Pafunge kitambaa kwanza, vumbi la chuma lisiingie kwenye mota," na anasikia droo ikivutwa, kitambaa kikichanwa, na kisha msumeno, ule mlio unampitia kwenye ufizi, pigo la kwanza anafumba macho, la pili anafumba macho, la tatu anagundua kwamba anausikiliza, Misuzu anakata vizuri, haendi pupa, anaufuata ule mstari ambao yeye Fumika angeufuata, machozi yapo lakini ni machache na hayana haraka, na chini yake kuna kitu kipana, kimetulia, kama ubao uliosawazishwa, kidole kinabonyeza ukingo wa gundi, bado laini, mikono imekufa ganzi mpaka kwenye viwiko, na kesho ni basi, dirishani atakaa Misuzu kwa sababu huwa anatapika, "Kaka," anaita juu ya mlio wa msumeno, "kesho tukiingia tuanzie kushoto," Kiichi anakuja na rula mkononi, "Kwa nini kushoto? Tumefanya mazoezi ya kulia mwezi mzima," "Mwanzi unalala upande mmoja, nausikia hapa, ukibeba kutokea kushoto uzito unaufuata mwelekeo wake, haubembei," Kiichi anapiga goti, anaweka kidole chake kimoja juu ya mwanzi, anangoja, anakunja uso, "Tutapitia wapi sasa?" na Fumika anataka kumchorea hewani lakini hawezi kuachia, basi anamwonyesha kwa kidevu, kwenye ukuta mfupi wa mazoezi, halafu kwenye ndoo zilizopangwa kona ile, na kichwa cha Kiichi kinakifuata kidevu chake, "Hapo?" anauliza, "Mbele kidogo," anasema Fumika, "mbele kidogo tena..."