Mkeka wa Mwanaisha

Wifi yangu si mtu mbaya, ila mdomo wake hauna breki. Alinipigia simu kutoka kwetu Wete, Pemba, kunieleza kuwa harusi ya mwanangu Mwanaisha imeshapangwa, na kwamba mkeka wa bibi harusi watanunua dukani, ule wa plastiki wenye maua. "Wewe uko Doha huko, utasuka saa ngapi?" akasema. "Mtoto mwenyewe ameshazoea. Mama yake ni wa kwenye simu."

Nikakata simu. Katika ukoo wetu mama ndiye anayemsukia binti yake mkeka wa kukalia siku anapotolewa ukumbini. Mimi nilisukiwa na mama yangu, na yeye alisukiwa na mama yake. Leo hii mimi Husna niwe wa kwanza kumkalisha mwanangu juu ya plastiki, eti kwa sababu napika nyumba ya watu huku Al Rayyan? Thubutu!

Sasa ukindu, majani ya kusukia, niutoe wapi? Mitende imejaa barabarani, lakini hebu kata jani moja uone utakavyoulizwa. Ijumaa, siku yangu ya kupumzika, nikamwomba Abubakari anipeleke sokoni. Huyu ni mtu wa Tanga, dereva wa nyumba ile ile ninayopika. Tukaanza Souq Waqif. Kulikuwa na mito na matandiko ya sufu waliyofuma kina mama wa Kibedui, ya rangi nyekundu na nyeusi, na kwa kweli nilisimama nikaisifu ile kazi, maana mkono wa mtu unajulikana. Lakini majani hakuna. Mkeka mmoja niliouona nikaugeuza nyuma, nikakuta ni wa mashine.

Abubakari akanipeleka soko la Waomani, Abu Hamour. Pale ndipo roho ikatulia. Vikapu, mafagio, makawa ya kufunikia chakula, vyote vya majani, na ile harufu ya ukili mkavu, utepe wa majani yaliyosukwa, ikaniingia puani nikajiona niko barazani kwetu. Ila mie na mdomo wangu tena. Nikainua kikapu kimoja, nikamwambia Abubakari kwa Kiswahili, tena kwa sauti, kwamba aliyekisuka alikuwa anasinzia.

"Ni dada yangu," akasema mwenye duka kwa Kiswahili kilichonyooka. "Na kweli, siku hizi anasinzia."

Abubakari alijifanya anatazama mafagio. Mie nilitamani ardhi inimeze. Kumbe mzee yule wa Kiomani kazaliwa Pemba, akaondoka mdogo, na lugha hajaiacha. Nikamwomba radhi, nikamweleza habari ya mwanangu na ya wifi yangu, nikamwambia sitaki kikapu, nataka majani. Aliingia nyuma ya duka akarudi na fungu la majani ya moyo wa mtende, meupe, ambayo huyatumia kukarabati vikapu vinavyofumuka, akanitupia mikononi.

"Haya, mwenye mdomo," akasema. "Suka tuone."

Nikakaa chini juu ya gunia. Nilichana majani kwa ukucha, nikayalowesha kwa maji yake ya kunywa, nikaanza. Niliogopa, sitaki kusema uongo. Nilikuwa sijasuka tangu nije Uarabuni, na jani la mtende ni gumu kuliko ukindu wetu. Likanikata kidole. Nikafumua, nikaanza tena, nikawaza kwamba kama vidole vimesahau basi wifi yangu kasema kweli, mie ni mama wa kwenye simu. Halafu vidole vikashika njia vyenyewe. Ukili ukaanza kushuka mapajani, na kina mama wawili wa Kiqatari wakasimama kutazama, mmoja akauliza unauzwaje.

Mzee akauvuta ukili, akauinua kwenye mwanga, asione hata tundu. Akaniambia nimletee wote nitakaosuka, duka lake litauuza.

"Huu hauuzwi, ami," nikamwambia. "Huu wa mwanangu."

Akanifungia mzigo mzima wa majani. Akanionya kwamba viyoyozi vya Doha vitayakausha, nisiyaache wazi. Mie mjuaji nikayaweka chumbani kwangu hivyo hivyo, na kesho yake yalikuwa yanakatika vipande. Ndipo nikahamia jiko la nje, penye mvuke wa masufuria, nikawa nasukia pale kila mchana watu wa nyumba wanapolala. Nikatia rangi nyekundu na zambarau, nikaushona ukili kwa shazia, ile sindano kubwa, hadi ukawa mkeka, nikaupiga taraza kingoni. Mpemba mwenzangu anayefanya kazi hotelini The Pearl alikuwa anakwenda likizo, akaubeba. Sikumwambia mtu umetoka wapi.

Siku ya harusi wifi akanipigia simu ya video nikiwa jikoni. Ukumbi mzima wa wanawake, na mkeka wangu katikati. Wifi akanishukuru sana, akaniuliza nimeununua duka gani, maana hao Waarabu wanajua kazi. Wenzake nyuma wakaitikia kwamba vitu vya Uarabuni ni vitu vya Uarabuni. Nikavimba. Nikafungua mdomo nimpe zake.

Mwanaisha akaniwahi. Alikuwa ameshakaa, mikono imejaa hina. Akapapasa ukili kwa kiganja, taratibu, akafunua pembe moja akaitazama chini. Wanawake wakainama kutazama wakidhani kuna kasoro. Akainua uso, lakini hakunitazama mie.

"Shangazi," akasema, "mama yangu hanunui mikeka."

Wifi yangu akajiziba mdomo kwa kiganja, na hilo sijapata kuliona tangu niolewe. Mie nililia, nikacheka, nikapiga vigelegele peke yangu jikoni kwa watu, na wali wa bosi ukashika ukoko sufuria nzima. Wala sikuomba radhi.