Chai ya Mama Régine

Ernestine alikuwa akishona kola ya gauni la kwaya, pale kwenye cherehani yake katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, marehemu mama yake alipofika kwa kabaza, teksi ya baiskeli, pamoja na bibi na mama mdogo, marehemu pia, wote watatu juu ya baiskeli moja. Mwenye baiskeli alisema hawana uzito. Walianza kuja mwaka jana, hedhi ya Ernestine ilipokoma, naye alishawazoea. Akawapa benchi, akamaliza kola.

"Leo tunakusindikiza Lilongwe," mama akasema. "Hiyo kifua yenye inakubana, mi naijua."

Hospitalini, daktari akauliza, Cyrille mkalimani akitafsiri, kama kwao kuna mtu aliyewahi kuugua moyo. Ernestine akajibu bila kusita: hakuna. Bibi aliwekewa sumu na mke mwenza, kule Bukavu. Mama mdogo aliwekewa na wifi. Na mama alianguka akafa kule kambini, nyumbani kwa Mama Régine, jirani muuza chai, na tangu siku hiyo hakuna Mkongomani anayeigusa chai ile. Kwao mtu akifa ghafla huulizwa alikula kwa nani. Alikuwa anaumwa wapi, hilo haliulizwi.

"Sumu gani?" mama akasema kutoka kwenye benchi la wagonjwa. "Taya njo iliniuma, na mkono wa kushoto. Ile chai sikuigusa hata."

Bibi akasema hata yeye, taya. Mama mdogo alikosa pumzi akifua nguo. Daktari akawashukuru, akawapima presha wote. Kwa marehemu mashine iligoma, akabadilisha betri. Kwa Ernestine ilifanya kazi, na presha ilikuwa juu. Daktari hakumficha: maradhi haya hufuata ukoo, na hedhi ikishakoma kinga ya moyo wa mwanamke hupungua. Lakini yanazuilika kwa vidonge kila siku, chumvi kidogo na kutembea.

Ernestine aliogopa, kisha akakasirika, na hasira ikamfaa zaidi.

"Mi sitakufa kama ninyi," akawaambia wakitoka. Wakakubali.

Jumapili, baada ya ibada, alisimama mbele ya wamama wa kwaya akasema Mama Régine hakuua mtu, ulikuwa moyo. Mama yake naye akasimama akathibitisha. Wakampigia marehemu vigelegele, wakampa kiti cha mbele, wakamwuliza habari za huko.

"Basi twende tukanywe chai yake," Ernestine akasema.

"Tumesikia, Ernestine," akajibu Olga, kiongozi wa kwaya. "Ni moyo, tumekubali. Lakini ile chai, hapana. Tuko na batoto."

Ernestine akaenda peke yake. Régine akamimina kikombe, akakionja kwanza mwenyewe, kama anavyowaonjea wateja wote, ndipo akampa.

"Nzuri!" Ernestine akasema kwa sauti kubwa, ili wamama wa kwaya waliokuwa wakirudi makwao wasikie.

Walisikia. Wakampungia mkono kwa upendo, wakapita upande wa pili wa barabara.