Nusu Aliyoiacha Orina

Mongina alimwona mgeni kabla mgeni hajamwona yeye. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, begi mgongoni, akiitazama chai huku ameinua uso kama mtu anayetazama paa la kanisa. Watu hawaitazami chai hivyo. Chai hutazamwa kwa kuinamisha macho, pale kiunoni mikono inapochumia. Lakini nusu ya chini ya shamba la Mongina ilikuwa imekua ikawa miti. Ndege walikuwa wakijenga viota humo.

"Unatafuta nani?" akaita kutoka mlangoni pa jikoni.

"Hapa ni kwa mama yake Orina?"

Mongina alifuta mikono kwenye leso. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu mwanawe aletwe ndani ya sanduku ambalo familia iliambiwa isilifungue. Tangu hapo, waliokuja kumuuliza kwa jina hilo walikuwa watu wa serikali na watu wa kanisa. Huyu hakuwa na tai wala Biblia.

"Ni hapa."

"Naitwa Chege, mama. Natoka Kipkelion. Nilikuwa na Orina kule Somalia."

Alifungua begi, akatoa kitu kilichofungwa kwa kipande cha shati la jeshi, akamwekea mikononi.

Kilikuwa kisu cha kupogolea chai, kile chenye ncha iliyopinda. Mpini wake ulikuwa umelainishwa na jasho la baba yake Orina, kisha na jasho la Orina mwenyewe. Kijana alikwenda nacho jeshini ingawa ndugu zake walimcheka. Alisema kikibaki nyumbani kitaazimwa na kila mtu mpaka kipotee.

Mongina alikaa chini pale pale, kwenye nyasi zilizolowa. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akijiambia kwamba sanduku ambalo halikufunguliwa huenda lilikuwa la mtoto wa mtu mwingine. Kisu hiki Orina asingempa mtu akiwa hai.

"Kwa hiyo ni yeye tuliyemzika."

"Ni yeye, mama. Mimi ndiye nilimfunga kamba za viatu."

Alilia kidogo, bila sauti, kisha akainuka kwenda kuweka maji ya chai. Mgeni alikuwa amesafiri.

Wakinywa chai, Chege alieleza kilichomleta. Katika likizo yake ya mwisho Orina alikuwa amepogoa nusu ya juu ya shamba, siku zikamwishia. Alimwambia mama yake kwamba nusu ya chini ataikata akirudi mwezi wa saba, na kwamba asimpe mtu mwingine panga. Alikuwa ameona kibarua akikata mistari ya jirani na kuacha mashina wazi juani, mpaka maganda yakapasuka na chai ikafa. Mongina alitii. Majirani walipojitolea kumkatia, aliwajibu kwamba mwenyewe anakuja.

"Kule jioni hakuna cha kufanya," Chege alisema. "Yeye ananichorea mashina ya chai kwenye mchanga. Kata hapa, acha hili tawi, funika hivi. Mimi ni mtu wa mahindi, mama, lakini najua kupogoa chai kwa mdomo kuliko wengi. Akaniapisha. Asipofika, nije mimi mwenyewe na hicho kisu. Na nisiache nusu kama yeye."

"Na mbona hukuja?"

Chege aliizungusha bilauri mkononi. "Nilikaa hospitali. Halafu nilitoka jeshini, na sikuwa sawa. Sasa nimepata kazi Nakuru, kusimamia walinzi. Naripoti Jumatatu saa moja asubuhi. Ni kazi ya kwanza ya maana tangu nitoke. Nikasema siwezi kuianza na hili deni la mtu aliyekufa. Leo Ijumaa. Nakata kesho, namaliza Jumapili, naondoka."

"Kesho ni Sabato," alisema Mongina.

Chege aligeuka kutazama nje. Jua lilikuwa tayari limeshuka nyuma ya vilima.

"Mama, ni siku moja tu."

"Hili shamba halijawahi kukatwa Sabato. Orina hakukuambia?"

Kwa mara ya kwanza mgeni alitabasamu. "Kila Jumamosi alikuwa ananiomba tubadilishane zamu. Mimi nikadhani anapenda kulala."

Kesho yake walikwenda kanisani pamoja. Alasiri, Kipkemboi, jirani wa Mongina, alikuja kumwona mgeni. Kipkemboi alikuwa amestaafu jeshini akiwa sajini, na sasa alipasua mbao za watu kwa msumeno wa mashine kuanzia Silibwet hadi Sigor. Alimkagua Chege kuanzia viatuni.

"Wewe ulikuwa cheo gani?"

"Koplo, afande."

"Koplo wa siku hizi. Mnapewa mpaka maji ya chupa." Alicheka, akavuta kiti. "Ara, hebu niambie. Huku nje umefanya nini?"

"Nilikuwa soja, mlinzi wa duka kubwa. Kazi ni kupekua mikoba ya akina mama. Siku moja kreti ya soda ikaanguka nyuma yangu. Walinikuta nimelala chini ya meza ya mikate, na nimemlalia meneja."

Kipkemboi alicheka mpaka akakohoa. "Ulimwokoa!"

"Alinifuta kazi jioni ile."

Kicheko kilipoisha, wazee wawili na kijana mmoja waligeuka kutazama ile miti ya chai.

"Mimi nilipoomba kazi niliulizwa kama najua kompyuta," Kipkemboi alisema baadaye. "Nimeongoza watu usiku bila tochi na wote wakarudi. Yule msichana wa ofisini akaniuliza, mzee, hiyo tutaiandika wapi?" Akapiga goti lake. "Basi nikanunua pawa, ule msumeno wangu. Mti hauniulizi kitu. Kesho nakuja nayo, saa sita tumemaliza, wewe unawahi Nakuru."

Jumapili alfajiri Chege alikuwa shambani. Alisimama kando ya shina la kwanza, akaweka kiganja katikati ya paja lake.

"Alisema tukate kwenye urefu wa goti. Goti lake, si langu."

Mongina alikitazama kile kiganja. Ndipo hasa goti la mwanawe lilipofika. Alitaka kusema kitu lakini Kipkemboi alikuwa amekwisha vuta kamba ya mashine.

Msumeno ulinguruma. Mongina alipogeuka, Chege hakuwepo. Walimkuta kwenye mtaro, uso umezikwa kwenye majani makavu, mikono miwili imekamata shina kana kwamba ardhi inataka kumtupa. Midomo yake ilikuwa ikitaja majina. La Orina lilikuwa la tatu.

"Zima!" Mongina alipiga kelele. "Zima hiyo kitu!"

Kipkemboi alizima. Aliitua mashine kwa upole, akaenda kukaa mtaroni kando ya Chege. Hakumgusa. "Ni pawa tu, koplo," alisema kwa sauti ya chini, tena na tena. "Ni mimi Kipkemboi. Uko Silibwet."

Ilichukua muda mrefu. Chege alipokaa, suruali yake ilikuwa imelowa. Mongina alimletea ile ya marehemu mumewe.

"Sikiza," Kipkemboi alimwambia. "Nenda Nakuru leo. Nitaikata mimi ukiwa umeondoka. Hakuna atakayekulaumu."

"Nenda, mwanangu," Mongina akakubali. "Umeniletea kisu. Kinatosha."

Chege alisimama, akalifunga shati lake kiunoni. "Niliapa mimi mwenyewe, mama."

Akaanza. Matawi manene aliyakata kwa panga na msumeno wa mkono aliouleta Kipkemboi, kisha akasafisha kila jeraha kwa kisu, akilichonga mshazari ili maji ya mvua yasituame. Mongina alifuata nyuma yake akifunika kila shina kwa matawi yaliyokatwa, kuzuia jua. Kipkemboi alivuta magogo. Mpaka giza lilipoingia walikuwa wamefika katikati. Malengelenge yalikuwa yamepasuka viganjani mwa Chege na mpini wa kisu ulikuwa unateleza.

Usiku ule Mongina alikosa usingizi. Siku moja tu, alikuwa amesema kijana. Hakujuta kuishika Sabato, lakini aliona wazi ni nani aliyekuwa anailipia.

Jumatatu kulikuwa na ukungu. Alimpelekea uji shambani akamkuta amekwisha kata mstari mzima, viganja vimefungwa vitambaa. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye ua. Saa moja, saa ya kuripoti Nakuru, ilipita. Muda si mrefu simu ikalia ndani ya koti, ikanyamaza, ikalia tena. Mongina aliitoa, akampelekea kwa mikono miwili.

"Bado unaweza kuwaambia gari liliharibika," alisema.

Chege aliipokea. "Ndiyo, bosi. Hapana, sijaugua. Niko shambani kwa rafiki yangu." Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha. Hata Mongina aliweza kuisikia ile sauti ya upande wa pili, ikipanda. "Naelewa. Mpe mwingine basi. Asante, bosi."

Alimrudishia simu. Midomo yake ilikuwa imepauka. Mongina alidhani sasa ataketi chini na hatainuka tena. Kisha Chege akauliza kama uji una sukari.

Walifika shina la mwisho mchana, karibu na mto. Palipokuwa na miti hapakuwa na giza tena. Kilima chote kilionekana, kimejaa visiki vifupi vilivyofunikwa majani. Ingechukua miezi mitatu kabla ya chipukizi la kwanza, na Mongina hakuwa na hakika mashina yote yataamka. Mengine yalikuwa yameoza ndani.

Chege aliweka kiganja katikati ya paja, akapima, akakata. Alisafisha jeraha kwa kisu, akakifuta kwenye suruali ya kuazimwa, akampa Mongina.

Mongina alichukua tawi lenye majani mengi akalilaza juu ya shina. Chege akaleta jingine.