Bafta ya Jora Moja

Chumba kikubwa cha Hajia Jawahir kilikuwa ghala lenye kitanda. Hivyo ndivyo Sagal alivyokiita moyoni, maana kwa mdomo asingethubutu. Yeye ni mke wa mwana, na katika nyumba za Galbet, hapa Garissa, mke wa mwana haropoki ovyo kuhusu kabati la mama mkwe. Lakini sasa mama mkwe alikuwa amelazwa Nairobi, mapafu yamembana, na daktari alisema wazi kwamba akirudi nyumbani asirudie vumbi. Zakariye, mume wa Sagal, akapiga simu kutoka hospitalini akamwambia asafishe chumba cha mama. Hakusema aguse nini na aache nini. Wanaume wakisema safisha, wanadhani ni kufagia.

Sagal hakufagia tu. Huyu ni mtu ambaye akikuta kijiko kimelala na uma hatulii mpaka kila kimoja kirudi kwao. Simu yake imejaa video za wanawake wa Uturuki wanaokunja taulo mpaka zinasimama zenyewe, na tangu aolewe alikuwa akilitazama kabati lile kwa uchu. Ruhusa ilipokuja akafungua madirisha yote, akajifunga shali puani, akaingia kazini.

Zilitoka blanketi ambazo hazijawahi kuvuliwa mifuko yake. Zikatoka chupa za chai zilizopasuka ndani, mikeka ya kuswalia iliyoliwa na panya, chupa tupu za manukato, picha za eksirei za mzee Sugow, baba mkwe, ambaye alishatangulia mbele ya haki, na madera ya harusi za watu ambao leo wana wajukuu. Sagal alitenga marundo: la kubaki, la kutupa, la sadaka. La sadaka lilikuwa la Bilan, jirani anayeongoza kina mama wa msikitini, ambaye hukusanya nguo na kuzipeleka kambini Ifo, kule Dadaab, kwa wakimbizi waliofika mikono mitupu.

Chini kabisa ya shuka alikuta mfuko wa kijani, umekunjwa vizuri kuliko kitu kingine chochote chumbani humo. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe, laini, kisichoshonwa. Mkono wake ukasita. Alikumbuka Hajia alivyokaa eda mzee Sugow alipofariki, miezi minne na siku kumi ndani ya nguo nyeupe tupu, kama ilivyo desturi ya Wasomali. Eda ikiisha, nguo zile hutolewa, zisibaki kabatini zikaita msiba wa pili. Kumbe mama alibakiza moja. Sasa anarudi mgonjwa, aje alale chumba kimoja na nguo ya msiba? Sagal akasema audhubillahi, akakitumbukiza kitambaa kwenye gunia la Bilan, na moyoni akajipongeza kwa busara yake.

Alasiri ile Bilan alituma mkokoteni ukachukua gunia. Asubuhi iliyofuata chumba kilinukia sabuni, kabati linafunguka bila kumwagia mtu vitu miguuni, na Sagal alikuwa anapanga mito huku akiwaza Hajia atasema nini. Pengine angesifu. Hajawahi kusifu, lakini kuna siku ya kwanza kwa kila kitu. Hapo simu ikalia. Alikuwa Anab, wifi yake, aliyekuwa garini na mama yake wakirudi kutoka Nairobi, na alizungumza chini chini kama mtu aliyeficha simu ndani ya shali.

"Abaayo, tumesimama Mwingi, Hooyo anakunywa maji. Sikiliza. Madaktari wamesema hawana la kuongeza. Wamesema tukae naye nyumbani."

Sagal aliketi ukingoni mwa kitanda. "Na yeye anajua?"

"Anajua kuliko sisi. Amekutuma kitu. Utoe bafta yake ya Makka, iko chini ya shuka, kwenye mfuko wa kijani. Uitandaze ipate hewa, uifukize uunsi. Anataka aikute kitandani."

"Bafta," Sagal akasema.

"Sanda yake, Sagal. Waliinunua na Aabo walipokwenda kuhiji, jora moja, wakaiosha kwa maji ya Zamzam kwa mikono yao wenyewe. Aabo alizikwa na kipande chake. Hiki ndicho cha Hooyo. Njia nzima hataji kingine."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Nani anataja sanda nyumbani mtu akiwa mzima?"

Simu ikakatika. Sagal alibaki ameishika. Hofu ilimpanda, hofu ya kweli, siyo ile ya kuogopa kukaripiwa. Masheikh wamesema mara nyingi kwamba Zamzam haimvushi mtu, kinachomvusha ni amali yake, na hilo Hajia analijua vizuri kuliko wengi. Lakini mwanamke aliyeishi na mume mmoja ujana na uzee wake alitaka jambo dogo tu, alale kaburini ndani ya kitambaa kilichokatwa na cha mumewe. Na Sagal alikuwa amekitoa pamoja na madera yaliyochanika.

Alimpigia Bilan. Simu iliita mpaka ikachoka. Akavaa jilbabu juu ya nguo za kazi, akatoka, akasimamisha bodaboda ya kwanza aliyoiona.

"Beleka mimi msikiti ya kule mwisho, karibu na makaburi," alimwambia dereva, kijana wa Kikamba, kwa Kiswahili chake cha Kisomali. "Haraka. Usibite sokoni, iko watu mingi."

"Shika vizuri basi, mathe. Kwani kuna nini?"

"Endesha tu."

Hakuwa na muda wa kueleza, na angeeleza vipi? Kutoka Mwingi barabara ni ya lami mpaka daraja la Tana, na Zakariye akishika usukani hajui kupunguza. Sagal alihesabu vituo kichwani huku upepo wa moto ukimpiga machoni. Ukasi. Kisha Bangale. Kisha daraja, kizuizi cha polisi, na mjini. Alimwomba Mungu polisi wawe wengi leo, halafu akakumbuka gari limebeba mgonjwa, akaomba msamaha kwa dua hiyo.

Kwenye stoo ya msikiti kina mama walikuwa wanafunga magunia. Lake aliliona pembeni, halijaondoka bado. Akalimwaga lote sakafuni, madera, shali, shuka, watu wakimtazama. Hakuna cheupe.

"Kulikuwa na kitambaa," alisema. "Cheupe, kwenye mfuko wa kijani."

"Hicho alikichukua Bilan asubuhi," mmoja akamjibu. "Kuna mwanamke wa Ifo aliletwa hospitali ya hapa, amefariki jana. Hana mtu ila mama yake. Wanamwosha huko nyuma, azikwe baada ya adhuhuri."

Chumba cha kuoshea maiti kiko nyuma ya msikiti, kidogo, kina mlango wa bati. Maji yalikuwa yanachuruzika chini ya mlango na harufu ya mkunazi na kafuri imetanda. Nje, juu ya mkeka, ameketi bibi mmoja mwembamba, miguu imejaa vumbi jekundu la Dadaab. Sagal alimpita bila hata salamu, akausukuma mlango.

Bilan aliinua uso. Maiti ilikuwa imefunikwa shuka kwenye ubao, na wanawake wawili wanaikausha maji. Kitambaa kilitandazwa mezani, cheupe vile vile, kizima. Bilan alikuwa ameshika mkasi, amekwisha kupima kwa mkono lakini hajakata.

"Sagal," Bilan alisema, na uso wake ukafunguka. "Mungu amekuleta. Nilipofungua gunia nikaona bafta ya Zamzam, niliijua mara moja, maana Hajia aliwahi kunionyesha, nikasema huyu ni Hajia Jawahir tu. Nani mwingine angetoa sanda yake akiwa kitandani anaumwa? Nimewaambia wote. Tumemwombea tangu alfajiri."

Hapa ndipo pa kusema. Maneno yalikuwa machache, "Hapana, nimekosea, nirudishie," na Bilan angerudisha, bila kinyongo, na bafta ya dukani ingepatikana kabla jua halijasogea. Sagal alifungua mdomo. Nyuma yake mkono mkavu ukamshika kiganja.

Alikuwa yule bibi wa mkekani. Alikuwa amesikia jina la mwenye kitambaa.

"Wewe ni wa nyumba yake?" aliuliza. "Mwanangu alikimbia vita, akalala kwenye hema la kuazima, na nguo aliyofia ni ya hospitali. Nilikaa hapa nikisema ataondoka na nini. Mwambie mama yako, Mungu amsitiri kama alivyomsitiri mwanangu."

Mkono ule haukuachia. Sagal alimtazama Bilan, akatazama meza, akatazama mkasi. Alijua kwamba akinyamaza atakuwa amekitoa kwa mara ya pili, na safari hii kwa kujua.

"Amina," alisema.

Bilan akakata. Mlio wa mkasi ule Sagal aliusikia mpaka kwenye meno. Akatoka akatembea haraka, kisha akakimbia.

Sokoni alinunua bafta, ya kwanza aliyoonyeshwa, na nyumbani akaifua kwenye beseni kwa nguvu zake zote. Jua la Garissa halina huruma na kitambaa, lilikikausha upesi. Alikifukiza uunsi kwenye chetezo, kipande baada ya kipande, moshi ukimtoa machozi ambayo yalikuwa yanatoka hata hivyo. Akapekua rundo la kutupa akapata mfuko mwingine wa kijani. Alikuwa anajiambia kwamba ni kwa ajili ya mgonjwa, ili afe ametulia. Aliamini nusu. Nusu nyingine ilikuwa woga mtupu, alimwogopa Anab, alimwogopa Zakariye, na zaidi ya wote alimwogopa yule mwenye chumba.

Gari liliingia uani. Zakariye alimbeba mama yake mikononi, amekuwa mwepesi hivyo, akamlaza juu ya shuka mpya. Hajia Jawahir alizungusha macho chumbani polepole, kutoka dirishani mpaka kabatini.

"Mmenihamisha?" aliuliza.

"Ni chumba chako, Hooyo," Zakariye akasema. "Sagal amekisafisha."

"Naona. Hata harufu ya baba yenu ameifagia." Alivuta pumzi, ikakwama, ikaja. "Leta bafta yangu."

Sagal aliileta kwa mikono miwili akaiweka kifuani pake. Hajia alifumba macho. Vidole vyake vikapita juu ya kitambaa, vikaenda mpaka kwenye pindo, vikarudi. Kisha vikasimama. Akalishika pindo kati ya kidole gumba na cha shahada, akalisugua.

"Hii ina wanga," alisema.

Bafta ya dukani hutoka kiwandani imekakamaa kwa wanga, na kuifua mara moja huulainisha upande wa juu tu.

"Yangu tuliiosha Makka mpaka ikawa kama maziwa. Sagal. Yangu iko wapi?"

Sagal alipiga magoti kando ya kitanda na kusema yote. Alisema alidhani ni nyeupe ya eda, alisema gunia, alisema mwanamke wa Ifo. Alisema pia kwamba aliwahi, kwamba mkasi ulikuwa bado haujakata, na kwamba hakuomba arudishiwe. Hilo la mwisho angeweza kulificha, hakuna ambaye angejua.

"Uliwahi," Anab akarudia. "Ulisimama pale ukaitazama ikikatwa. Umemvua mama yetu sanda yake ukampa mtu usiyemjua."

"Ndiyo," Sagal alisema.

Zakariye aligeukia dirishani. Hajia Jawahir naye aligeuza uso ukutani, na mabega yake membamba yakaanza kutikisika. Alilia kama watu wazima wanavyolia, bila sauti, na hakumruhusu yeyote amguse. Alimtaja Sugow mara moja. Sagal alibaki magotini, na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure ikaivuta ile bafta mpya ikaanza kuikunja, pindo kwa pindo, haoni anachokunja.

Kutoka msikitini ikasikika adhana ya adhuhuri. Hajia aliisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa kiganja, akarudisha kichwa upande wao.

"Jina lake nani?"

"Nani, Hooyo?"

"Aliyevaa bafta yangu."

Sagal alitafuta kichwani. Aliona mkasi, aliona meza, aliona vumbi jekundu kwenye miguu ya bibi. Jina hapakuwa nalo. "Sikuuliza," alisema.

"Hukuuliza." Hajia alipumua mara mbili kabla ya kuendelea. "Wanamswalia sasa hivi. Leo au kesho mimi namfuata. Nitamkuta kwenye makaburi yale yale, amejifunika kitambaa nilichokiosha kwa mkono wangu, na mimi nimwite vipi? Nimwite wewe mwanamke?"

"Nitaenda baadaye nimuulize mama yake, Hooyo. Acha kwanza nikutengenezee..."

"Nenda sasa, kabla hajarudi Ifo. Na umwambie aje, nataka kumwona." Akaitazama mikono ya mke wa mwanawe, ambayo ilikuwa bado inakunja. "Weka hiyo chini, Sagal. Mimi sina muda wa kukungoja ukunje nguo."