Vijitabu Viwili vya Puseletso

Puseletso alikuwa ameshashona mifuko ya nyuma ya jinzi sitini na miwili tangu asubuhi, na kwa kila mfuko alijikuna mara moja. Angefanyaje? Akimaliza mshono wa kwanza anasugua kiwiko kwenye ukingo wa meza. Akigeuza kitambaa, anapenyeza mkasi wa kukatia nyuzi ndani ya mkono wa sweta na kujikwangua kwa upande usio na makali. Mgongo aliuacha uwake tu, maana mgongo ungemtaka asimame, na kwenye laini ya sita ya kiwanda kusimama bila ruhusa ni kesi.

"Leo unacheza ngoma gani wewe?" Khauhelo, jirani yake wa mashine, akamuuliza bila kuinua macho. "Meza nzima inatikisika."

"Rangi ya jinzi imenipata."

"Pole, dada. Mimi ilinila vidole tu. Wewe imepanda mpaka shingoni?"

"Imepanda kote."

Rangi ilikuwa uongo mzuri. Katika viwanda vyote vile vya Maseru, Lesotho, wanawake walikuwa na kucha za buluu, nani angebisha? Ukweli ni kwamba wiki mbili za kwanza alimeza nevirapini, dawa ya virusi vya UKIMWI, kidonge kimoja kwa siku, mwili ukanyamaza. Vilipokuwa viwili, upele ukalipuka. Usiku wa baridi kali ya Juni kule haulaliki bila blanketi la sufu, na sufu juu ya ngozi ile ilikuwa adhabu tupu. Alijifunika akawashwa, akajifunua akatetemeka, mpaka kukakucha.

Mshauri wa kliniki alimwonya tangu siku ya kwanza: upele ukitoka njoo tukuone. Ukiona vidonda mdomoni, malengelenge, au macho yanachoma, usimeze hata kimoja, njoo siku hiyo hiyo, hiyo si ya kungoja. Ni rahisi kusema. Kliniki inafunguliwa saa za kazi, na kukosa kazi bila karatasi ni onyo. Maonyo matatu, kwaheri. Puseletso alishapata mawili, moja siku ya kupimwa, moja siku ya kupewa dawa.

Saa nne msimamizi alipita, akahesabu mifuko yake, akamtazama shingo.

"Wewe nenda na Ntsane. Sitaki ujikune juu ya kitambaa cha watu."

Ntsane alikuwa karani aliyewapeleka wagonjwa kliniki kwa gari la kiwanda na kuwarudisha, wasije wakapitiliza nyumbani. Alinyoosha mkono. "Bukana."

Bukana ni kijitabu cha matibabu. Kila mtu hununua chake, na kila anachougua huandikwa humo. Puseletso alikuwa navyo viwili, kama wanawake wengi wa kiwanda kile, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka. Kimoja kilikuwa safi: mafua, jino, mafua tena. Hicho ndicho cha kuonyesha watu. Cha pili, chenye mihuri ya dawa, alikifunga kwa leso na kukiweka kifuani, chini ya sweta. Alimpa Ntsane kile safi. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea.

Kliniki, Nesi Mpolokeng alikuwa na foleni inayofika barazani. Ntsane aliegemea mwimo wa mlango, kalamu sikioni, akimtazama mgonjwa kama mtu anayesubiri chenji.

"Umeanza lini kuwashwa?"

"Siku nne."

"Kuna dawa yoyote unayotumia?"

Puseletso alimtazama nesi, akautazama mlango. Kijitabu kilimchoma kifuani kuliko upele wenyewe. Sema, alijiambia. Sema basi.

"Hakuna."

Nesi akapekua kurasa za mafua, akaandika: mzio wa rangi. Akampa mafuta ya kupaka na vidonge vya kupunguza mwasho. "Arudi kazini," akamwambia Ntsane, na mgonjwa aliyefuata alikuwa ameshaingia.

Saa saba kengele ya chakula ililia. Wanawake walitoka nje ya geti kutafuta jua, wakatandika mablanketi kando ya ukuta kwenye vibanda vya mama ntilie. Khauhelo alimmegea ugali na mboga. Tonge la kwanza lilimchoma Puseletso kama kaa la moto. Akadhani ni pilipili, akala la pili. Akatema.

"Nini tena?"

"Nitazame mdomoni."

Khauhelo alimshika kidevu, akamwelekeza juani.

"Una vidonda. Viwili kwenye shavu, kimoja chini ya ulimi. Na macho yako mekundu." Kisha akashusha sauti. "Hii si rangi, Puse."

"Si rangi."

"Umeanza lini vidonge?"

Puseletso hakuuliza amejuaje. "Wiki ya tatu hii."

"Basi ugali acha. Nenda."

Kengele ililia ya kurudi. Ntsane alikuwa amesimama getini na orodha yake, akiweka alama kila jina lililoingia. Puseletso alimfuata.

"Kaka, nirudishe kliniki."

"Si umetoka huko sasa hivi? Mzio wa rangi, imeandikwa. Kapake mafuta."

"Imeandikwa uongo. Nilisema uongo mimi."

Alitia mkono kifuani, akafungua leso. Ntsane aliona mihuri, akageuza uso haraka, akamsogelea na kunong'ona. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipomuuma Puseletso zaidi.

"Kirudishe hicho, dada. Mimi sijakiona. Ingia, maliza siku, Ijumaa nitakutafutia ruhusa ya kimya kimya. Ukibaki nje leo ni onyo la tatu, unajua."

Ijumaa. Leo ilikuwa Jumanne. Huruma ya siku tatu, na mdomo unachubuka. Puseletso alihisi hasira ikipanda mpaka kwenye masikio, hasira kwa Ntsane na orodha yake, na kwa mkono wake mwenyewe uliotoa kile safi bila kumuuliza.

"Kione," akasema.

"Dada, tafadhali, watu wanatazama."

"Nimesema kione, Kaka Ntsane. Nikifa utasema nilikufa kwa rangi?"

Wanawake walikuwa wamesimama. Hakuna aliyecheka. Mmoja alijishika kifua, juu ya sweta lake, kisha akainama akaingia ndani.

"Geti linafungwa," Ntsane akasema, kwa sauti ya kazi sasa.

"Funga."

Alikwenda kwa miguu, akijikuna barabara nzima bila kujificha. Foleni ilikuwa ile ile. Aliipita moja kwa moja, watu wakamlaani, akafika mbele ya meza na kuweka vile vijitabu viwili sambamba.

Nesi Mpolokeng alisoma cha pili, akamulika mdomo wake kwa tochi. Uso ulimbadilika.

"Usimeze hata kimoja. Umesikia? Nakupeleka hospitali sasa hivi." Akavuta karatasi ya rufaa. "Asubuhi nilikuuliza. Kwa nini ulisema hakuna?"

"Mlango ulikuwa wazi."

Nesi alitazama mlangoni. Watu wanne walikuwa wamesimama pale pale, wakisikiliza.

"Hata sasa uko wazi."

"Najua," Puseletso akasema, akaanza kuvua sweta. "Andika."