Godana wa Kabati Jeupe

"Mama Godana, weka hiyo kitambaa chini, nimekuambia..."

"Na mimi nimekuambia sijamaliza..."

"Hiyo mlango umeosha wiki mzima. Unataka..."

"Nataka kuona mtoto yangu, Mwalimu. Wewe enda ufundishe."

Mwalimu Marete akasogea karibu. Kwenye mlango mweupe wa kabati la maabara, pale kitambaa cha magadi kilipopita, jina lilikuwa limetoka tena, jekundu kama fizi za mbuzi: GODANA. Ile G ilikuwa na mkia mrefu, kama alivyopenda kuiandika mwenyewe.

Lori lililomchukua Godana lilirudi kutoka Sericho bila yeye. Si askari, si waasi wa shifta, hakuna aliyekubali kusema yuko wapi. Abiba, mama yake, mwoshaji wa shule, akawakatalia watu dua ya maiti: bila mwili atamwombea nani? Halafu vita vikafunga barabara, sabuni ikaadimika dukani, akaanza kuosha kwa magadi. Ndipo mwanawe akaanza kumtokea.

Marete aliujua huo mchezo. Kijana alikuwa mtundu wa kuzaliwa. Aliiba dawa ya maabara ya kupimia besi, vitu kama magadi na soda, akaiyeyusha kwa spiriti, akaandika jina lake mlangoni. Ikikauka, huoni kitu. Alikuwa akingoja mwalimu aumwagie mlango soda ya maabara kwa bahati mbaya, ashtuke, darasa licheke.

"Si jini, mama. Hiyo dawa haiyeyuki na maji. Inalala tu. Ikiguswa na besi, hata hii magadi ya kupikia githeri, inaamka nyekundu. Lakini ikiamka inayeyuka. Angalia kitambaa yako."

Abiba akaangalia. Kitambaa kilikuwa cha waridi. Maji ya ndoo pia.

"Kumbe ni mimi namaliza yeye."

Mkia wa G ulikuwa umekwisha.

"Hakuna dawa ya kumshika?"

"Iko asidi. Lakini itamficha. Hutamwona."

"Na hatayeyuka?"

"Kama huoshi tena na magadi, hatayeyuka."

Abiba akaisukuma ndoo kwa mguu. "Mfiche."

Marete akachovya pamba kwenye asidi iliyozimuliwa, akapangusa polepole. Herufi zikafifia moja moja mpaka mlango ukawa mweupe kabisa. Abiba akaweka kiganja pale, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Bado yuko?"

"Yuko."

"Ile dawa yake ya kuandika, imebaki?"

"Imebaki kidogo."

"Basi niandike na mimi, hapo kando yake."